Mwanamke wa Pili Ukutani

Sunaina alikuwa akipaka rangi kwenye ukuta wa soko la Janakpur, pamoja na wenzake waliowahi kupigwa na waume, mama mkwe wake alipojitokeza. Tangu Sunaina amkimbie mumewe, yeye na mama mkwe hawakuwa wakisemezana.

Mama mkwe akaitazama picha: mwanamke amejikunyata mbele ya ngumi.

"Mbona yuko peke yake?"

"Ndivyo ilivyokuwa, mama."

"Najua. Nilikuwa jikoni, nasikia kila kitu."

Akakusanya pindo la sari, akachovya vidole kwenye unga wa mchele uliokorogwa, akaanza kuchora. Rangi nyeupe ilimchuruzika hadi kwenye bangili, naye hakujali. Taratibu akatokea mwanamke wa pili, kiuno kama gunia la mpunga, amesimama kati ya ngumi na yule aliyejikunyata.

"Mwanangu akipita hapa, anione," akasema.

Mmoja wa wenzake Sunaina akashindwa kujizuia. "Lakini mama, mbona umejichora mnene hivyo?"

"Ili asipate pa kupenya."

Sunaina akacheka mpaka brashi ikamponyoka.