Jina la Mwisho

Padri alisema neno la Kigiriki, anamnesis, si kuwaza tu yaliyopita. "Anayekumbukwa hivyo anakuwepo, hapa, leo."

Katekista Sabasi aliposikia hayo aliinamia orodha ya marehemu aliyopaswa kuisoma. Kila mwaka, siku ya marehemu wote, mjane Deodata huandika humo jina la mumewe, Klemensi, aliyekufa kisimani. Kila mwaka Sabasi hulipita, na watu husema macho yake yamechoka.

Leo Deodata alikaa benchi la mbele. Kando yake aliacha nafasi ya mtu mmoja na kuitandika kanga.

Sabasi alimaliza, akaikunja karatasi.

"Umebakiza mmoja, mwalimu," Deodata alisema taratibu.

"Nimesoma wote, mama."

"Msome na Klemensi. Wewe ndiye uliyekwenda naye kisimani."

Sabasi aliifungua tena karatasi, akalitamka jina kwa sauti iliyokauka.

Mlango haukufunguka, wala hakuingia mtu. Ila pale kwenye benchi, kanga ilianza kulowa polepole kuanzia katikati, na maji yakadondoka sakafuni, yakielekea miguuni pa Sabasi.