Picha ya Ijumaa

Siku hizi kila nyumba mjini Tanga hulea tumbawe moja hai ndani ya tangi la maji ya bahari, na nyumba inayolea haifunguliwi madirisha wala haiwashwi taa nyingine ila ya buluu. Kila Ijumaa mlezi hutuma picha kwa Mkaguzi, mashine inayohukumu kwa rangi. Tumbawe likionekana limepauka, huchukuliwa, na nyumba haipewi jingine.

Ijumaa hii, chini ya taa mpya yenye buluu kali zaidi, Mwanamkasi alikuwa akipiga picha tangu asubuhi. Zote zilitoka buluu tupu, kama zimemwagiwa wino.

"Limepauka," Mkaguzi alijibu tena. "Tuma picha ya mwisho."

"Mwongo mkubwa!" alifoka mama mkwe wake, Bi Mashavu. "Mwambie aje aone mwenyewe."

"Haji, mama. Yeye hutazama picha tu." Mwanamkasi aliinua tena kamera. Alilipokea tumbawe hili likiwa dogo kama kidole gumba, na hakuna asubuhi aliyoacha kulisalimu.

Bi Mashavu alifungua peremende, akaitia mdomoni, akamkabidhi Mwanamkasi plastiki angavu iliyoifunika, ya rangi ya chungwa. "Hebu ziba kamera kwa hii. Utotoni tukichungulia nayo kila kitu."

Mwanamkasi akaziba. Buluu ikafifia, na tumbawe likatokea pichani kama lilivyo: kijani, lenye ncha za waridi.

"Ni zima," Mkaguzi alijibu.

Wakakumbatiana, wakacheka hadi machozi yakawatoka. Kisha Bi Mashavu akaiweka ile plastiki jichoni, akamtazama mkwewe usoni kwa mzaha. Kicheko kikamkatika.

"Mwanangu," alisema taratibu, "tangu lini midomo yako haina damu?"