Wanja wa Baada ya Eda

Eda ya Mwanakombo iliisha jana. Asubuhi alijipaka poda, akaifuta mpaka isionekane, kisha akapitisha wanja mwembamba machoni. Alitaka uso wa mwanamke aliyelala vizuri, si wa mjane aliyejipamba.

Mama mkwe wake, Bi Raya, alikuwa uani akichambua mchicha. Akamkazia macho.

"Hebu njoo hapa."

Mwanakombo akapiga magoti mbele yake, macho kayafumba. Bi Raya akalowesha ncha ya kanga kwa mate, akamfuta chini ya jicho la kushoto.

"Huku umezidisha, mwanangu. Watajua."

Mwanakombo akashusha pumzi. Alipofumbua macho, Bi Raya, mjane wa siku nyingi, alikuwa amefumba yake na kuuinua uso, akingojea wanja.