Ukuta wa Bi Mwanakombo

Siku hizo kuta za nyumba za wazee zilimkumbuka kila aliyepiga hodi, na mtu akidai nafuu ya kodi kwa kumtunza mzazi, ukuta ndio ulioulizwa.

Salha alijiandaa. Asubuhi ya ukaguzi alifika kwa mama yake, Bi Mwanakombo, na doti tatu za khanga alizozifua mara nne ili zitoke ule ugumu wa dukani, zionekane za siku nyingi. Mama alijitanda moja bila kuuliza kitu.

Mkaguzi aliweka kiganja ukutani. "Dada, umeandika kwamba huja kila Ijumaa. Ukuta unasema ulikuja mwaka juzi, msibani."

Salha aliinamisha uso.

"Ukuta huo umezeeka kama mimi," mama alidakia. "Mwanangu huja. Tazama khanga alizoniletea zilivyopauka."

Mkaguzi aliandika faini, akaaga. Bi Mwanakombo alimsindikiza hadi mlangoni, akamshika mkono na kumnong'oneza, lakini Salha alisikia kila neno:

"Nakuomba, baba, na mwakani mkagueni tena."