Gari la Wazee Saba

Mlio ulifika kabla ya gari. Ngrrr, ngrrr, kama jiwe la kusagia lililokosa nafaka. Zacharia, aliyekuwa chini ya pikapu ya muuza maziwa, aliacha spana hewani. Mlio huo aliujua. Ndio aliousikia kabla gurudumu la gari lake halijachomoka pale Kalimoni, na mguu wa mkewe Wanja ukavunjika mahali pawili.

Akatambaa nje. Mbele ya kibanda chake cha Kiganjo, pembeni mwa Thika, lilisimama gari la familia, viti vinane, rangi ya fedha. Kwenye kioo cha nyuma kulikuwa na stika: *Githae Magari, Ruiru. Tunauza, Tunatengeneza.*

Damu ikampanda. Githae ndiye aliyemfungia beringi kuukuu, iliyosuguliwa na kupakwa grisi, akamtoza bei ya mpya. Zacharia aliporudi kulalamika, Githae alimcheka mbele ya wateja. "Kama unajua sana, kajitengenezee."

Basi alijifunza. Miaka mitatu alishika spana za watu mpaka akapata zake, na desturi yake ikawa moja: mteja ajinunulie spea kwa mkono wake, na ile iliyotolewa akabidhiwe aende nayo nyumbani. Tangu siku ile ya kuchekwa alikuwa akingoja kitu kimoja tu, Githae naye achekwe mbele ya watu.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke mrefu, leso kichwani.

"Habari, fundi. Naitwa Nakhumicha. Nimeambiwa wewe hauibii watu."

"Na hiyo stika, mama?"

"Ni ya mzee wangu."

"Mzee ana gereji nzima Ruiru, na wewe unaleta gari kwa mabati ya Kiganjo?"

"Umewahi kuona mwenye bucha akipeleka steki nyumbani? Nyumbani tunapata mifupa."

Zacharia alicheka bila kupenda.

"Unaitaka lini?"

"Jumamosi, asubuhi mapema. Mzee anapeleka wazee saba Ngoliba. Ruracio, mambo ya mahari."

"Hongera. Kijana wenu anaoa?"

"Ruracio ni ruracio, fundi. Wewe angalia kila kitu, usiache hata skrubu. Na usimpigie simu. Nitalipa mwenyewe."

Siku hiyo hiyo wakaenda pamoja madukani Thika mjini. Nakhumicha aliuliza bei duka hadi duka, akabishana, akanunua beringi ndani ya boksi lake, pedi za breki, plagi na oili. Kisha akapanda gari la abiria kurudi Ruiru.

Ijumaa Zacharia alilifungua gari lile. Beringi aliyoitoa ilikuwa imelika kama jino bovu. Hata mkeo, Githae, aliwaza. Akafunga mpya, akabadilisha pedi, akakaza kila nati ya kila gurudumu, kisha akazirudia zote. Hapo hakupunja. Wazee saba hawakuwa wamemkosea kitu, na Kalimoni moja ilitosha.

Lakini alipofika kwenye rejeta, mkono ulisita.

Aliiona barabara ya Ngoliba, jua kali, hakuna kivuli. Akamwona Githae ndani ya suti, boneti juu, mvuke ukipanda, wazee saba wakijipepea kwa kofia kando ya barabara. Wakwe wamepika, wamengoja, wamechoka kungoja. Halafu mtu mmoja anauliza, kwa sauti ya kusikika: si huyu ndiye mwenye gereji?

Hakuna ambaye angeumia. Ni aibu tu ingemwagika.

Akashika bisibisi. Klipu ya mpira wa maji akailegeza mizunguko miwili. Maji yangedondoka polepole, na jua la Ngoliba lingemalizia kazi. Akafunga boneti, akaifuta kwa kitambaa, akaenda nyumbani kwa Wanja akipiga mluzi.

Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, boda boda mbili zilisimama kibandani. Ya kwanza ilimleta Nakhumicha na wasichana wawili wenye sweta za shule. Ya pili ilibeba magunia mawili, godoro lililokunjwa na jiko.

"Mitchell, shika mkono wa Cindy," mama yao alisema, akaanza kupakia.

Zacharia alimsaidia kuinua godoro. Likajaza viti vya nyuma.

"Mama, na wazee watakaa wapi?"

"Wazee wako Ruiru. Wamevaa makoti, wanakunywa chai yangu. Mzee anajua nimekuja kuchukua gari; hivi vitu nilivitoa jana, nikaviweka kwa jirani." Akamfunga Cindy mkanda. "Watakunywa hiyo chai mpaka iishe."

"Si ni siku ya kijana wenu?"

"Kijana gani, fundi? Hawa wawili ndio watoto niko nao." Akaufunga mlango wa nyuma, akaujaribu kama umeshika. "Bwana harusi ni Githae. Anatafuta mke wa pili kwa gari nililonunua na pesa za kuku wangu. Sisi tunaenda kwetu, Bungoma."

Akaketi mbele ya usukani, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.

Zacharia hakuutoa. Alizunguka mbele ya gari, akainua boneti, akainama humo na bisibisi kwa muda. Aliporudi dirishani mikono yake ilikuwa imelowa maji, na ufunguo aliupangusa kwenye shati lake kabla ya kumpa.

"Mama Mitchell," alisema, "nakuahidi, hii gari itapanda milima ya Timboroa bila kukohoa, na jua likizama utakuwa umeketi kwa mamako."