Vipande Vitano vya Risasi

Asubuhi ya mashindano ya kulenga shabaha, Shekue alimsogezea mkewe, Mwanaidi, sinia la vipande vya risasi, ile metali laini. Miaka yote Shekue ndiye aliyechagua vya kushindilia kwenye vikombe vidogo vya shaba ili viwe risasi za bunduki. Kazi ya Mwanaidi ilikuwa kuvikata tu. Lakini sasa macho ya Shekue yalikuwa yamechoka.

"Nichagulie vitano vinavyolingana, mama Rehani."

Mwanaidi hakugusa mizani. Aliangusha kipande kimoja kimoja mezani, akasikiliza. Kilicholia kama sarafu alikitenga, maana ni kigumu na hakifai. Kilichotua kimya alikibonyeza kwa ukucha, kisha akakipima kiganjani. Akikosea, mumewe angeaibika mbele ya mji mzima.

Shekue alivipima vyote vitano alivyochaguliwa. Mizani ikasimama palepale, mara tano.

"Umeyajua haya tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza nilipoanza kukukatia. Hukuniuliza."

Shekue akacheka mpaka akakaa chini. "Basi leo upige wewe mwenyewe."

"Nilidhani hutasema kamwe."

Mchana, uwanja ulilipuka kwa vigelegele vya wanawake. Mwanaidi alilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, akafumba jicho moja, na tabasamu likakataa kumwondoka usoni.