Tovuti Inayojisoma

Kibwana alipachika programu-jalizi mpya kwenye tovuti ya waliovunjiwa nyumba. Sasa tovuti ingejisoma kwa sauti.

“Jaribu, babu.”

Mzee Ngwali haoni. Bintiye, Mwanakheri, ndiye humsomea, na akifika kwenye habari za marehemu mama yake, Bi Mkasi, huziruka.

Sauti ikaanza, ikiyatamka majina kama mgeni aliyeshuka jana. Mzee akacheka. “Lafudhi gani hiyo! Lakini haitanionea huruma.”

Ikasoma: “Bi Mkasi aliketi mlangoni, akaliambia tingatinga, pita juu yangu kwanza.”

Mwanakheri akanyoosha mkono azime. Baba akauhisi ukimpita, akaudaka.

“Ahsante, mjukuu wangu,” akamwambia Kibwana. “Siku zote naambiwa alikuwa jikoni, ukuta ukamwangukia.”

Sauti ikaendelea. Mzee alijiweka sawa kitini, mkono wa bintiye bado kiganjani.